Joto Linataka Mlango wa Kutokea

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika, wengine mkadhani nimepata kazi serikalini na sasa naringa. Hapana. Nipo, bado naripoti, bado nagombania daladala ya Rangi Tatu kila jioni kama kawaida. Nilikuwa na msiba. Si msiba wa mtu, ni msiba wa diski.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze kilichokuwemo.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 15 tangu mabomu ya Mbagala, yaani ile Jumatano ya Aprili 29, 2009, ghala la silaha la kambi ya jeshi lilipolipuka huku kwetu na kuua watu zaidi ya 20. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka vioo vya darasa vikitikisika, nakumbuka mwalimu akituambia tukimbie bila kutuambia tukimbilie wapi. Basi nikaona, kabla wazee hawajatuacha, nikusanye sauti zao. Kwa miezi kadhaa, jioni baada ya kazi, nilizunguka Mbagala Kuu, Kizuiani na Kijichi na kinasa sauti mfukoni. Nikapata mazungumzo ya watu kumi na tisa.

Bibi mmoja aliniambia kwamba siku ile alikimbia kwa miguu hadi Kongowe. Alipofika huko ndipo akagundua kuwa mkononi ameshika mfuniko wa sufuria. "Mjukuu wangu," aliniambia, "watoto wa jirani niliwapita njiani, mfuniko nikaubeba." Akacheka sana. Halafu akanyamaza, kinasa sauti kikaendelea kurekodi ule ukimya kwa muda mrefu. Bibi yule alifariki mwaka uliofuata. Sauti yake, na ule ukimya, vilikuwa ndani ya eksteno yangu. Nakala ya pili sikuwa nayo.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Usiku mmoja wa Februari, mwezi ambao sisi wa Dar tunaujua, nilikuwa nahamisha video za kazini kwenye eksteno hiyo hiyo. Chumba changu kina bati na dari la kubahatisha. Laptopu nimeiweka juu ya godoro, eksteno nimeiacha ndani ya kifuko chake cha ngozi ili vumbi lisiingie. Umeme ukakatika. Feni ikazima. Laptopu ikaendelea kwa betri, video zikaendelea kuhama, mimi nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka, kifuko kilikuwa cha moto kama andazi lililotoka kwenye karai, na ndani yake kitu kinagonga: ta, ta, ta.

Fundi wa Kariakoo aliweka sikio, akasikiliza kidogo kama daktari, akasema, "Braza, vichwa vimekwenda." Nikamuuliza kama ni joto. Akanijibu maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Joto tu halina shida. Wewe umelifungia ndani."

Umelifungia ndani. Ndugu zangu, ndiyo mada yangu ya leo.

Kwa hasira za kufiwa nikaanza kusoma habari za diski. Huko ndiko nilikokutana na jambo lililonishangaza. Wakati mimi nimeua diski kwa joto la chumba cha kupanga, wenzetu wanatengeneza diski ambazo kila zinapoandika, zinajichoma zenyewe kwa leza hadi zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi. Mafuta ya kukaangia chipsi hayafiki hata nusu ya hapo bila matatizo, yakifika 200 yanaanza kutoa moshi. Na diski hizo haziungui. Zinauzwa. Kampuni ya Seagate ilizitangaza rasmi Januari 2024, zenye terabaiti 30, na Januari 2025 ikatangaza ya terabaiti 36. Ukiwa na filamu za gigabaiti 4 kila moja, hapo unaweka filamu 9,000 ndani ya kitu kinachoshikika kwa mkono mmoja. Diski ya kwanza kabisa, ya kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na ukubwa wa kabati, na sahani 50, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu inaijaza.

Kwa nini wajichome? Hapa naomba uvumilivu wako kidogo, nitaeleza kwa lugha ya mtaani.

Diski ni sahani iliyopakwa chembe ndogo sana za sumaku. Kuandika ni kuzielekeza chembe hizo upande huu au upande ule. Ukitaka kuweka mengi zaidi kwenye sahani ile ile, lazima uzifanye chembe ziwe ndogo zaidi. Lakini chembe ya sumaku ikiwa ndogo kupita kiasi inakosa msimamo. Hata joto la kawaida la chumbani linatosha kuipindua, na kumbukumbu yako inafutika yenyewe bila mtu kuigusa. Dawa yake ni kutumia madini yenye msimamo mkali, mchanganyiko wa chuma na platinamu. Hayo hayapinduki ovyo. Ila sasa unakuja mtihani mwingine: yana msimamo mkali kiasi kwamba hata kichwa cha diski chenyewe hakiwezi kuyapindua ili kiandike.

Mtafanyaje? Waulize wahunzi. Mhunzi hapigani na chuma baridi. Anakitia moto kinalainika, anakipiga kikiwa bado laini, kisha anakitumbukiza kwenye maji kinashika umbo. Wahenga walishasema samaki mkunje angali mbichi. Diski hizi zinafanya hivyo hivyo. Mwanafizikia Mfaransa Pierre Curie alionyesha mwaka 1895 kwamba sumaku ikipashwa moto hadi kiwango fulani inapoteza nguvu yake. Basi leza inapasha kidoa kimoja hadi karibu na kiwango hicho, chembe zinalegea, kichwa kinaziandika, zinapoa, zinashika msimamo tena.

Ukisikia hivyo unaona ni rahisi. Siyo rahisi, na ugumu wote uko kwenye kulitoa lile joto.

Kwanza, kidoa chenyewe ni cha nanomita makumi machache. Unywele mmoja wa kichwani kwako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mwanga wa leza ni mpana mno kuweza kukusanywa mahali padogo hivyo kwa lenzi, kwa hiyo wameweka kipande kidogo cha dhahabu kinachoukamata na kuubana. Dhahabu nayo ikipata moto inalainika na kuharibika umbo, ndiyo maana kazi hii imewachukua watafiti miaka mingi. Pili, sahani inazunguka. Kwenye diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ukingo wa sahani unakwenda kwa kasi ya kilomita zaidi ya 120 kwa saa. Daladala yoyote ya Barabara ya Kilwa ikienda hivyo trafiki anajaza daftari lake. Kwa kasi hiyo, kupasha, kuandika na kupoza vyote vinatakiwa viishe ndani ya takriban nanosekunde moja. Sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike leo, joto hilo haliruhusiwi kwenda kwa jirani. Pembeni ya kidoa kinachoandikwa kuna kumbukumbu nyingine ambayo ni ya mtu mwingine, au ni yako ya jana. Joto likisambaa kwa pembeni linailegeza na kuifuta. Kwa hiyo chini ya tabaka la sumaku wahandisi wametandika tabaka la metali la kulinyonya joto na kulipeleka chini. Na sahani yenyewe ni ya kioo, kwa sababu aluminiamu ya siku zote haivumilii moto unaotumika wakati wa kuitengeneza. Joto linaingia kwa juu, linatoka kwa chini, halipiti kwa jirani. Kabla hawajawasha moto, walishalichorea mlango wa kutokea.

Ndugu msomaji, nilipofika hapo nikaweka laptopu chini (juu ya meza safari hii, si godoro), nikatoka nje uani nikapiga picha kichwani ya mtaa wetu.

Nyumba yetu ina vyumba sita, na jirani yetu anayo duka la miamala ya fedha. Ameweka kiyoyozi. Ndani kwake kunapendeza, kompyuta yake imetulia. Lakini kiyoyozi kinatemea joto kwenye uchochoro, na uchochoro huo ndiko dirisha la mama muuza maandazi lilipo. Mama amefunga dirisha. Sasa chumba chake kinachemka, na simu ya mwanawe anayosomea inazima yenyewe kwa joto. Hatujaliondoa joto. Tumelihamishia kwa jirani. Wale wenye diski zao wangesema hapo data imefutika.

Ofisi zetu nyingi nazo ni hivyo hivyo. Mimi kwa kazi yangu naingia ofisi za kila aina. Nimeona seva ya ofisi imewekwa stoo, katikati ya mafaili na ndoo ya kudekia, mlango umefungwa kwa kufuli "kwa ajili ya usalama", dirisha hakuna. Nimeona kiyoyozi kipo kwa bosi na seva ipo kwa mlinzi. Tukisema ulinzi wa taarifa tunawaza wezi na wadukuzi tu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini mwizi huja siku moja, joto huja kila siku saa saba mchana, na wala halibishi hodi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila diski inayokufa Mbagala imeuawa na joto. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja, wakakuta kwamba joto halikuwa na uhusiano mkubwa na vifo vya diski kama watu walivyodhani, isipokuwa pale joto lilipokuwa kali na diski zina umri wa miaka mitatu na kuendelea. Mwaka 2016 watafiti wengine, wakiwemo wa Microsoft, wakaonyesha kwamba kwenye vituo vinavyopozwa kwa hewa ya nje, unyevunyevu ndio uliokuwa na athari kubwa zaidi.

Soma tena sentensi hizo mbili ukiwa umekaa Mbagala. Joto kali na diski kuukuu: sisi ndio tunaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na Dubai, zinafika kwetu zikiwa na umri huo tayari. Unyevunyevu: sisi tuko pwani, shati linaloanikwa Machi halikauki bila kunuka. Google walipima diski zilizokaa kwenye vituo vyao vinavyotunzwa. Facebook walipofungua kituo chao Luleå, kaskazini mwa Sweden, mwaka 2013, waliifuata baridi ya kule, wanavuta hewa ya nje tu mashine zinapoa. Sisi hewa yetu ya nje ndiyo hiyo hiyo iliyomshinda mama wa maandazi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Nchi ya joto haina sababu ya kuona aibu wala kukata tamaa, kwa maana nyuzi 32 za Dar si kitu mbele ya nyuzi 400. Tofauti ni kwamba zile 400 zimepangiwa mahali, zimepangiwa muda, na zimepangiwa pa kutokea. Zetu hazijapangiwa chochote. Joto linaingia asubuhi, linazagaa kila mahali, linalala humo humo.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi. Kumbukumbu ya nchi hii haikuanza na kompyuta. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi miziki na hotuba za miongo mingi kwenye kanda za sumaku, na hazina hiyo ikarithiwa na TBC. Kanda hizo ni ukoo mmoja na eksteno yangu, sumaku ni ile ile. Kanda ya sumaku ikikaa kwenye joto na unyevu, gundi inayoshika unga wa sumaku inaweza kunyonya maji na kunata. Na je, mafundi wanaziokoaje kanda zilizonata, hasa zile za aina fulani za miaka ya 1970 na 1980? Wanazioka! Wanaziweka kwenye moto mdogo wa nyuzi kama 50 kwa saa kadhaa, unyevu unatoka, wanawahi kuzicheza na kuzinakili kabla hazijanata tena. Joto lile lile lililosaidia kuziharibu, likipimwa na kupewa muda, linazifufua.

Najua kuna atakayesema: wewe wa zamani, siku hizi tunatumia flashi na simu, hakuna sahani inayozunguka. Sawa. Lakini flashi nayo inashika kumbukumbu kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja haraka zaidi kwenye joto. Mwingine atasema: mimi picha zangu nimeziweka kwenye wingu. Hakuna wingu, kaka. Kuna jumba mahali fulani lenye diski kama hizo nilizozieleza, na watu wanaolipwa mshahara kushughulikia joto lake. Wewe umehamisha tu tatizo kwa mtu anayelijali. Si vibaya, ila usidhani tatizo limekwisha, na usisahau kwamba bando likiisha, kumbukumbu yako iko ng'ambo.

Tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kulalamika tu.

Sisi wenyewe tuanze. Diski isifanye kazi ikiwa ndani ya kifuko, wala juu ya godoro, wala juu ya laptopu. Iweke juu ya kitu kigumu, hewa ipite chini yake. Kazi kubwa ya kunakili ifanye usiku sana au alfajiri, na usilale. Na nakala iwe mbili, moja ikae nyumba nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari lenyewe nalo linataka daftari lake.

Maofisini, kabla hamjanunua "mfumo" mpya, ulizeni swali moja la kijinga: joto lake litatokea wapi? Asiyeweza kujibu asipewe zabuni. Tundu la hewa juu ya ukuta halihitaji mfadhili.

Na wasomi wetu. Kijitonyama pana Kituo cha Taifa cha Data, na hapo hapo Kijitonyama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Mjini kuna DIT. Ningependa kuona vijana wa huko wakipima diski zinavyoishi na kufa kwenye stoo za Temeke, kwenye studio za picha za Rangi Tatu, kwenye shule za sekondari za Chamazi. Tukiwa na takwimu zetu tutajua tujenge vipi. La sivyo tutaendelea kufuata vipimo vya watu wanaofungua dirisha ili kupoza seva.

Mimi eksteno yangu bado ninayo. Fundi aliniambia kuna watu wanaoweza kuifungua kwenye chumba kisicho na vumbi, lakini bei niliyotajiwa inazidi mishahara yangu miwili. Naweka akiba kidogo kidogo. Inawezekana sauti ya bibi bado ipo pale kwenye sahani, chembe zake zimesimama zilivyoelekezwa, zinasubiri tu kichwa kizima cha kuzisoma. Wengine kati ya wale kumi na tisa bado wapo hai, na Jumamosi iliyopita nilirudi kwa wawili. Safari hii nimerekodi, nikanakili usiku ule ule, nakala moja nikampelekea dada yangu Kinondoni.

Mmoja wao, mzee wa Kizuiani, aliniuliza kwa nini namhoji mara ya pili mambo yale yale. Nikaona aibu kumwambia ukweli, lakini nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Basi leo fungua dirisha kwanza."

Nikalifungua. Alamsiki.